Kivuli Kilisingiziwa: Kisa cha Salvia Chini ya Mwaloni

Kisa hiki ni cha mfano, ila hakuna sehemu yake isiyojirudia kila mwaka katika bustani za pwani ya California. Nyumba iko kwenye miinuko ya Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Uani umesimama mwaloni mmoja mkubwa wa pwani (Quercus agrifolia), mti ambao uko kijani mwaka mzima, na upande wake wa kaskazini, kuanzia shinani, kuna kipande cha mita 5 kwa 4 kisichoota kitu cha maana. Kitaluni mwenye nyumba akashauriwa apande Salvia spathacea, salvia ya kudumu inayovumilia kivuli. Mwezi wa Mei akanunua miche 15 ya makopo ya lita 4. Akachimba mashimo ya kipenyo cha sentimita 30, akatupa udongo wa mfinyanzi uliotoka humo, akajaza mboji ya dukani, kisha akatandaza laini ya dripu yenye tundu moja kwa karibu kila mche. Kila tundu hutoa lita 4 kwa saa. Taima ikawekwa dakika 30, mara tatu kwa wiki.

Kufikia Septemba ya mwaka wa pili, hesabu ilisimama hivi: miche 6 imekufa, 5 imerefuka ikalala chini na majani yake yamepakwa kitu cheupe kama unga wa ngano, 4 tu ndiyo mizima. Mwenye nyumba akaamua kwamba kivuli ni kizito mno, akaanza kuulizia bei ya mtu wa kupunguza matawi ya mwaloni.

Matawi yale hayakuwa na kosa. Ushahidi ulikuwa wazi pale pale, ila unataka mtu aangalie mizima kabla ya kuangalia iliyokufa. Kati ya ile minne, miwili ilikuwa pembeni kabisa, ambako matundu ya dripu yalikuwa yameziba kwa chokaa ya maji. Miwili mingine ilikuwa mita moja tu kutoka shina la mwaloni, ndani ya giza kuliko yote, kwa sababu mpira haukufika huko na hakuna aliyejisumbua kuurefusha. Kama kivuli kingekuwa ndicho muuaji, hiyo miwili ingetangulia kufa.

Mmea wenyewe unatokea wapi

Salvia spathacea ni mwenyeji wa California peke yake, kuanzia kaskazini ya ghuba ya San Francisco kushuka na safu za milima ya pwani hadi kaunti ya Orange. Ni wa jamaa moja na mnanaa na mrehani. Majani ni mapana, yana mikunjo na vinyweleo, yananata vidoleni na kunukia kama tunda lililoiva. Kati ya Machi na Mei hutoa vikonyo vya sentimita 30 hadi 75, maua ya rangi ya damu ya mzee yakiwa yamepangana kwa mafungu, ghorofa juu ya ghorofa. Wageni wake wakuu ni ndege wavumaji, wale wadogo wa Amerika wanaoelea hewani wakinyonya mbochi. Kwa Mwafrika Mashariki, kazi yao ni ile ile anayoifanya chozi. Yule aitwaye Calypte anna huishi eneo hili mwaka mzima, na Selasphorus sasin hurudi kutoka Mexico mwishoni mwa majira ya baridi, maua yakiwa karibu kufunguka.

Mahali pake pa asili ni chini ya mialoni hii hii. Kwa hiyo kukuta imekufa chini ya mwaloni "kwa sababu ya kivuli" ni sawa na kusema mkoko umekufa kwa sababu ya chumvi.

La kushika hapa ni kalenda ya mvua. Oakland hupata karibu milimita 600 kwa mwaka, na takriban zote hunyesha kati ya Oktoba na Aprili, wakati wa baridi. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua ya maana. Mmea umejengwa kwa ratiba hiyo: unaamka na mvua za kwanza, unakua wakati wa baridi, unachanua kabla joto halijaja, kisha unasinzia. Mnamo Agosti majani ya chini hukauka, ya juu hupauka na kuinama kidogo. Ndivyo unavyopumzika. Mtu aliyezoea kwamba jani lililolegea ni kiu huukimbilia mmea na maji, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Tulichokuta chini ya udongo

Mche uliokufa uking'olewa unakuja mkononi bila kubisha, kama umechomekwa tu. Chini ya udongo mmea huu hauna mzizi mkuu. Una tunguu linalotambaa kwa ulalo sentimita 3 hadi 5 chini, kwa mtindo wa tangawizi, jembamba kuliko kidole. Tunguu lenye afya likikatwa kwa kisu ndani ni jeupe la maziwa, gumu, na lina harufu ile ile ya majani. Hili la mche uliokufa lilikuwa la kahawia hadi katikati, linabonyea, linanuka uvundo wa maji ya mtaro. Mizizi midogo ukiivuta kati ya vidole viwili, ganda linavuka lote na kubaki uzi mwembamba ndani. Dalili hiyo ya ganda kuvuka ni ya kuoza kwa mizizi kunakoletwa na Phytophthora au Pythium. Kwa jicho huwezi kusema ni yupi kati ya hao wawili, maabara ndiyo inayotenganisha, lakini kwa mkulima wa bustani matibabu ni yale yale.

Viumbe hivi watu huviita kuvu, ingawa si kuvu halisi. Vina undugu wa karibu zaidi na mwani. Spora zao zina mikia na huogelea. Zinahitaji maji yaliyojaa katika nafasi za udongo ili zitoke mzizi mmoja hadi mwingine, na zikipata maji hayo pamoja na udongo wa joto, kazi huwa ya siku chache. Wakati wa baridi udongo hulowa pia, tena sana, lakini umepoa, na mmea uko macho, unanyonya maji na kuotesha mizizi mipya. Julai mmea umesinzia. Maji yanakaa tu.

Sasa tupige hesabu ya maji, maana "dripu haimwagi mengi" ndiyo kauli iliyoua miche sita. Lita 4 kwa saa kwa nusu saa ni lita 2. Mara tatu kwa wiki ni lita 6. Shimo la kipenyo cha sentimita 30 lina uso wa mita za mraba 0.07 hivi. Lita 6 zikiingia kwenye eneo hilo ni sawa na mvua ya milimita 85 kila wiki, katikati ya msimu ambao mmea huu haujawahi kuona hata tone. Lita hizo sita zingesambaa kama shimo lingekuwa na udongo ule ule wa pembeni. Lakini shimo lilijazwa mboji laini ndani ya mfinyanzi mgumu, likawa beseni: maji yanaingia kwa wepesi, yanafika ukutani, hayana pa kwenda.

Kipimo cha kuthibitisha hakigharimu kitu. Mbali na mizizi mikubwa ya mti, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena siku hiyo hiyo na upime kwa rula. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo huo hautoi maji vizuri. Huu ulikuwa ukishuka sentimita 1.

Ile mitano iliyolala

Hii ilikuwa na kosa jingine, na tunaomba isichanganywe na ile iliyokufa. Mizizi yake ilikuwa bado nzima kwa sehemu kubwa. Ilishiba kupita kiasi. Mboji ya dukani, maji ya kila wiki na mwanga mdogo kwa pamoja huzaa vikonyo virefu, laini, visivyoweza kujishika. Unga mweupe ni ubwiri unga, na unapenda majani laini kama hayo, mahali hewa haipiti. Ushauri wa kawaida wa "usilowanishe majani" hausaidii sana hapa, kwa sababu ubwiri unga, tofauti na magonjwa mengi ya majani, hauhitaji jani lenye maji ili uote. Ukiona unga huo, kata vikonyo vyenye ugonjwa hadi chini, vitoe nje ya bustani, na uache nafasi kati ya mche na mche. Hakuna sababu ya kupiga dawa: majani ya mwaka huu yanaenda kukauka hata hivyo, mapya yatakuja na mvua.

Mti ulikuwa hatarini kuliko salvia

Hili mwenye nyumba hakuliuliza, nasi tunaliona kubwa kuliko mengine yote. Salvia ya kopo la lita 4 hununuliwa tena. Mwaloni wa miaka 100 haununuliki. Mialoni ya pwani huzoea udongo mkavu karibu na shina wakati wa kiangazi; ukiulowanisha, kuvu aitwaye Armillaria mellea, ambaye mara nyingi amelala kwenye mizizi miaka mingi bila madhara, huamka na kula shingo ya mti. Dalili za nje huchelewa. Uyoga wa rangi ya asali huota shinani wakati wa mvua, na ukibandua gome lililokufa hapo chini unakuta utando mweupe uliotandaa kama upepeo. Ukifika hapo umechelewa.

Ndiyo maana kanuni ni kutomwagilia kabisa wakati wa kiangazi ndani ya mita 3 kutoka shinani. Kipande chetu kinaanzia kwenye shina, hivyo sehemu kubwa ya laini ya dripu haikupaswa kuwepo. Vilevile usilime kwa sururu wala mashine: mizizi inayoulisha mti iko juu juu. Wala usirundike udongo mpya kuifunika shingo ya mti.

Marekebisho

Kwanza, funga maji. Matundu yote yaliyo ndani ya mita 3 yaondolewe kabisa na mpira uzibwe kwa kizibo, asije mtu mwingine akayafungulia kwa huruma. Hili lifanyike siku hiyo hiyo. Mengine yote yanasubiri mvua, na kusubiri huko ndiko kunakowashinda wengi.

Mvua za kwanza zikishalowesha udongo sentimita 10 kwenda chini, kwa kawaida kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, ndipo kazi ianze. Miche iliyokufa itolewe na mboji yake yote, mashimo yarudishiwe udongo wa mfinyanzi wa papo hapo. Usipande kwenye mashimo hayo. Sogea sentimita 40 pembeni. Sepeto na kisu vifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohama kutoka mche mmoja kwenda mwingine.

Pingili za kupanda zichukuliwe kwenye ile minne mizima. Chimbua upande mmoja tu wa kila mche, uache nusu mahali pake. Kata tunguu vipande vya sentimita 8 hadi 10, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu na mizizi yake. Angalia kila mkato: ukiona hata duara dogo la kahawia, tupa kipande hicho, usijaribu kukipunguza hadi pazuri. Mche wa umri huu hutoa pingili tano hadi nane bila kuumia ukiacha nusu yake.

Nafasi? Kwa sentimita 60 kila upande, mita 20 za mraba zitataka miche 55. Kwa sentimita 90, kama 25. Sisi tungechukua 90. Zitachelewa kufunika, misimu miwili hata mitatu, lakini hewa itapita na hutalazimika kununua chochote: panda 12 hadi 15 mwaka huu, nyingine mwakani kutoka kwenye mashina yale yale.

Chimba kashimo kadogo kwa sepeto ya mkono, kina cha kutosha tunguu lilale sentimita 3 chini, macho yakitazama juu. Ukigonga mzizi wa mwaloni mnene kuliko penseli, usiukate, hama. Udongo wa kujazia ni ule ule uliotoka. Hakuna mboji, hakuna mbolea. Mwagia lita 4 taratibu siku ya kupanda ili udongo ushikane na mizizi, kisha waachie mawingu.

Juu tandaza majani makavu ya mwaloni yenyewe, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha wazi duara la kiganja kuzunguka kila chipukizi. Majani haya yana miba pembeni na watu huyafagia wakidhani ni uchafu. Ndiyo matandazo ambayo salvia hii imeyazoea. Kile kitambaa cheusi cha kuzuia magugu kisikaribie hapa, kwa sababu tunguu haliwezi kutambaa na kuchipua chini yake.

Kiangazi cha kwanza, miche iliyo nje ya mita 3 ipewe lita 8 kila moja, mara moja kila baada ya wiki tatu, kwa kopo la kumwagilia, ikisambazwa eneo la upana wa sentimita 80 hivi, si shingoni. Chagua asubuhi ya ukungu. Oakland huwa nazo nyingi mwezi Julai. Kabla ya kumwagilia, chokonoa hadi sentimita 10 na ukamate udongo: ukifinyangika na kubaki donge, weka kopo chini, rudi wiki ijayo. Kiangazi cha pili, mara moja kwa mwezi. Cha tatu, basi. Iliyo ndani ya mita 3 haipati chochote tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo ndiyo ipandwe mapema kuliko yote, mvua ya kwanza tu, ili iwe na miezi sita ya kujishikiza. Baadhi itakufa. Kubali hasara hiyo.

Kivuli kina kazi gani basi

Kinapunguza maua. Mahali penye madoa ya jua, au jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu, kila mche mkubwa hutoa vikonyo vingi. Kwenye giza lile la karibu na shina unapata zulia zuri la majani na kikonyo kimoja hapa, kimoja kule. Anayetaka maua aelekeze pingili zake nyingi ukingoni. Aina ya 'Avis Keedy', yenye maua ya manjano mepesi, huonekana vizuri zaidi kwenye giza. 'Powerline Pink' hurefuka kuliko aina za kawaida na inafaa nyuma. Kukata matawi ya mwaloni ili salvia ichanue ni kuuza ng'ombe ununue kamba, na katika miji mingi ya California mialoni inalindwa kisheria, kwa hiyo anayekata bila kuuliza anaweza kutozwa faini.

Na kama mwenye nyumba hawezi kuishi bila kumwagilia, basi abadili mmea na mahali. Salvia koyamae ya Japani, yenye maua ya manjano, hupenda kivuli chenye unyevu na mboji, yaani yale yale aliyoifanyia spathacea. Ila si chini ya mwaloni.

Msomaji wa Limuru au Lushoto asichukue kalenda hii kama ilivyo. Huko mvua kubwa huja Machi hadi Mei na Julai ni baridi yenye mawingu, kwa hiyo mmea unaotaka kiangazi kikavu kabisa utahangaika. Kwa kivuli chepesi cha nyanda hizo, Salvia guaranitica ya Amerika Kusini inapatana zaidi na mvua za msimu wa joto, na milimani kwenyewe kuna Salvia nilotica ya Afrika Mashariki, ambayo wapanda maua wachache huitupia jicho. Kuingiza miche au pingili kutoka nje kunahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania.

Turudi Oakland. Februari, ukipita na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, utakuta konokono wa kahawia wamepanda kwenye machipukizi, hasa yale yaliyo karibu na ukuta au mbao zilizolala chini. Waokote kwa mkono siku tatu mfululizo, au nyunyiza punje za fosfeti ya chuma kama kifungashio kinavyoelekeza, kabla majani hayajafika upana wa kiganja. Yakishafika hapo yanakuwa magumu na yenye kunata, na konokono wanaenda kutafuta kingine. Vikonyo vilivyomaliza kuchanua vikatwe Juni au Julai, isipokuwa ukitaka kuwaachia ndege mbegu. Na majani makuukuu yapunguzwe Oktoba hadi sentimita 5 juu ya udongo, siku moja mbili kabla ya mvua iliyotabiriwa.